Kulwa Hafutwi

Mtu akitaka kugombana na Doto Shimba siku hizi, amwite "yule aliyebaki". Kuna mama mmoja alikuja dukani kwangu kutoa kopi ya cheti cha mwanawe, akamtazama Doto kwa huruma, kisha akaniuliza mimi, kana kwamba Doto ni kiti, "Huyu ndiye yule aliyebaki?" Doto akajibu mwenyewe bila kuinua macho kwenye kompyuta: "Mimi siyo kiporo, mama. Mimi ni Doto." Mama wa watu aliondoka akasahau cheti. Nilimtunzia, lakini sikumkimbilia njiani kumwomba radhi.

Mimi naitwa Yunis. Nina steshenari hapa Mikumi, kwenye barabara kuu, upande ambao malori ya Zambia husimama madereva wakanywe chai. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za watu wenye hasira na majirani zao. Meza ya nyuma, karibu na dirisha tulilolipiga nondo kwa sababu ya nyani, ndiyo ya Doto. Kabla ya masika yaliyopita ilikuwa ya wawili. Kulwa, dada yake pacha, alikaa kulia, akiandika kwenye kibodi, na Doto alikaa kushoto akimwelekeza, akimkosoa, akimnyang'anya karanga. Ukiwasikia ungesema wanapigana.

Kwao ni Kisanga, kwenye barabara ya kwenda Kilosa. Baba yao, Mzee Shimba, alihamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani mapacha wakiwa bado wa kubebwa, mmoja mgongoni kwa mama yao, mwingine mgongoni kwa shangazi. Mzee huyo ana sheria moja ambayo mtu yeyote aliyewahi kukanyaga boma lake anaijua: mapacha hawapewi nusu. Kulwa akipewa muwa, Doto naye apewe muwa wake, siyo kipande cha ule wa mwenzake. Ukimpa mmoja ukamsahau mwingine, aliyesahauliwa atanuna, na pacha akinuna nyumba nzima inaugua. Mimi siyo Msukuma, na mwanzoni nilicheka. Lakini nilimwona mzee akishuka kwenye gari na kanga doti mbili zilizofanana, ndala jozi mbili, vidumu viwili vya maziwa, mwaka baada ya mwaka, nikaacha kucheka. Wazazi wengi ninaowajua hawana uaminifu huo hata kwa mtoto mmoja.

Mapacha walipokwenda Morogoro kusomea kompyuta, sheria ikagonga mwamba. Laptopu iliyopatikana ilikuwa moja. Mzee hakulala vizuri kwa ajili hiyo. Kulwa ndiye aliyempoza. Alimwambia, "Baba, tutagawana kwa ndani." Na kweli wakagawana. Nitaeleza ninavyoelewa mimi, mtu wa fotokopi. Unapoandika programu, unaiandika ndani ya kitu kinachoitwa kihariri. Hicho ni kama ubao tu, hakielewi kitu. Anayesoma ulichoandika na kuiambia mashine ifanye nini ni mkalimani, na mkalimani wao alikuwa Python. Watu wote huweka Python moja. Hawa waliweka mbili: moja kwenye folda iliyoandikwa Kulwa, nyingine kwenye folda iliyoandikwa Doto. Kihariri kilibaki kimoja, wakitumia wote. Mwalimu wao chuoni aliwaambia ni upuuzi. Kulwa akamjibu kwa adabu kwamba upuuzi huo ndio uliowalea.

Kulwa alifariki masika. Bodaboda iliteleza kwenye matope barabara ya Kilosa, wala haikuwa mwendo kasi. Sina zaidi la kusema juu ya siku hiyo.

Baada ya mazishi Mzee Shimba alikuja kumwona Doto hapa dukani. Alishuka kwenye gari na kidumu kimoja cha maziwa. Kimoja. Doto alikipokea, akashukuru, akakiweka chini ya meza, na hakukinywa. Tangu siku hiyo mzee huleta kimoja kimoja, na hajalitamka tena jina la Kulwa. Ninamwelewa. Lakini nilimwona Doto akikitazama kile kidumu, nikatamani kumkemea mzee wa watu mbele ya wateja.

Sasa kazi yenyewe iliyoleta haya. Kitongoji cha kwao kina kisima kimoja kirefu chenye pampu, kinachotumiwa na wafugaji wenye mifugo na wenyeji wenye bustani za mboga. Zamani aliyewahi ndiye aliyekunywa, na aliyechelewa alikuja na fimbo. Kulwa na Doto wakaandika programu ya kupanga zamu: kila kaya ipate saa yake, na asiwepo anayepewa jua la saa sita kila wiki. Ratiba ikichapwa hapa kwangu inapelekwa kubandikwa kisimani. Tangu waanze, fimbo zimebaki za kuchungia ng'ombe.

Baada ya masika kaya mpya zikaongezeka, na ofisi ya kijiji ikaanza kumtumia Doto majina kwenye jedwali la Excel badala ya kumsomea kwa simu. Ili programu isome jedwali, ilihitaji kifurushi kidogo cha nyongeza, kitu cha kupakua kwa bando la kawaida. Doto akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika amri, kifurushi kikashuka. Akarudi kwenye kihariri, akaendesha programu. Kihariri kikamwandikia kwa rangi nyekundu kwamba kifurushi hicho hakipo.

Akarudi kwenye dirisha jeusi, akaomba kiwekwe tena. Dirisha likamjibu: tayari kipo. Akaenda kwenye kihariri: hakipo. Akazima mashine akawasha. Kipo. Hakipo. Akakitoa akakiweka upya. Kipo. Hakipo. Ratiba ya zamani ikaisha muda wake, na kisimani mtu akampiga mwenzake kwa ndoo.

"Nipe bastola," Doto akasema.

"Sina bastola, nina stepla."

"Basi nipe stepla."

Nikamwita Brayson. Brayson ni fundi wa simu na kompyuta, kibanda chake kiko jirani na wauza mahindi ya kuchoma, na ni kijana mzuri, mchapakazi, asiyelewa. Ila ana dawa moja kwa magonjwa yote. Kompyuta ikiwa nzito, anapiga windo. Ikikosa sauti, anapiga windo. Naamini ungempelekea kuku anayekohoa angempiga windo. Kupiga windo maana yake anafuta kila kitu kilichomo, anaweka Windows mpya, anakurudishia mashine tupu kama nyumba ya kupangisha.

Brayson akakaa, akabofya huku na huku, akapuliza mashavu. "Dada Doto, hii imechanganyikiwa. Windo imechoka. Tunapiga mpya chap, tunaweka Python moja safi, jioni unaendelea na mambo yako. Mafaili yako yote nakuwekea kwenye flashi, hakipotei kitu."

"Na Python ya Kulwa?"

"Hiyo haibebeki kwenye flashi, dada. Na ya nini? Utakuwa na mpya."

"Hafutwi."

"Siyo mtu, dada. Ni programu."

"Nimesema hafutwi, Brayson. Amka kwenye kiti changu."

Brayson akaniangalia mimi, nami nikaangalia dari. Mashine ilikuwa ya Doto, na msiba ulikuwa wa Doto. Nilijua pia kwamba kijana anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ungekuwa ni ugonjwa wa kompyuta tu, ningemwambia akubali yaishe. Lakini ndani ya mashine ile ndipo mahali pekee duniani ambapo mapacha wale walikuwa bado na vyumba viwili. Kila mahali pengine watu walikuwa wameshampanga Doto upya kuwa mmoja: nyumbani, kanisani, hata mimi nilikuwa nimeondoa kiti cha pili pale mezani kwa sababu wateja walikigonga.

Nadhani Brayson alisema maneno mahali, maana Ijumaa asubuhi Mzee Shimba akashuka kwenye gari, koti lake la sufu mwilini, fimbo mkononi, na kidumu kimoja. Doto akapiga goti pale pale kwenye sakafu ya duka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anakusalimu."

Nikamsalimia, nikamletea kiti na chai. Akanywa taratibu, kisha akaweka kikombe chini. "Kisimani wamepigana," akasema. "Nimeambiwa mashine inakataa. Nimeambiwa pia kijana wa watu ana dawa yake na wewe umemfukuza."

"Ni kweli, baba."

"Mpe aifute."

Doto alikuwa ameshasimama. Goti lilikuwa la salamu. Haya mengine alitaka kuyasema akiwa wima.

"Siwezi, baba."

Nilijua mzee hajazoea kujibiwa hivyo. Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Nisikilize. Aliyekwenda hafungiwi ndani ya chombo. Ukimfungia, anakuvuta. Nyumba yangu imeshatoa mmoja." Sauti ilimkatika hapo, ndipo nikaelewa kwamba mzee huyu hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na hofu. Ile mashine inayokataa kazi aliiona kama mkono unaomvuta binti yake wa pili. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Doto."

"Limeshavunjika, baba. Nitatembea nalo hivyo hivyo."

Brayson, aliyekuwa amejitokeza mlangoni na mkoba wake wa vifaa, akarudi nyuma hatua moja. Mimi nikajifanya nahesabu bahasha. Lori likapita, vioo vikatetemeka, mzee akiitazama fimbo yake. Nilifikiri atanyanyuka aondoke, na kwamba Doto atakuwa amempoteza na baba.

"Haya," akasema mwishowe. "Gari langu linaondoka mchana. Nikiondoka na ratiba, nitanyamaza. Nisipoondoka nayo, kijana ataifuta mbele yangu, na wewe hutasema neno. Umekubali?"

"Nimekubali."

Nilitaka kumziba mdomo. Siku zote zile alishindwa, leo angeshinda vipi kabla ya mchana?

Akakaa. Akaandika amri ile ile, dirisha likamjibu lile lile. Mzee akavuta kiti chake karibu, akawa anatazama kioo kama anavyotazama ng'ombe asiyetaka kula. "Inasemaje?"

"Hapa inasema kifurushi kipo. Huku inasema hakipo."

"Vyote viwili haviwezi kuwa kweli."

"Ndiyo maana nataka kuipiga ngumi, baba."

"Kipo kwa nani?" Mzee akauliza, na hakuuliza kwa upole. Ilikuwa shutuma, alikuwa anamwonyesha kosa lake. "Na hakipo kwa nani? Ndiyo nilichokuambia. Umejipa wewe, hukumpa mwenzako. Amenuna. Sasa utafanya kazi na aliyenuna mpaka lini? Mwache aende!"

Mkono wa Doto ukasimama juu ya kibodi. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada Yunis. Kulwa alipokuwa anaweka vifurushi, alikuwa anaandika mistari mingapi?"

Nikakumbuka mara moja, maana ilikuwa inanichelewesha kufunga duka. "Miwili. Mmoja mfupi, mmoja mrefu. Alikuwa anasema, 'huu wako, huu wangu.'"

"Mimi nilidhani anatania," Doto akasema. "Nilidhani anamfuata baba tu. Sikuwahi kumuuliza."

Akapeleka kishale pembe ya chini ya kihariri, pale palipoandikwa namba ndogo ya Python ambayo wote tulikuwa tumeipita kama watu wanavyopita kibao cha njia wanayoijua. Akabofya. Orodha ikafunguka yenye mistari miwili. Mmoja uliishia kwenye folda ya Doto. Mwingine uliishia kwenye folda ya Kulwa, na alama ya kuchaguliwa ilikuwa kwake.

Hapo hata mimi nikaelewa. Dirisha jeusi, ukiandika amri fupi, lilikuwa linapeleka kila kitu kwa Doto. Kihariri, tangu siku Kulwa alipokipanga kwa mikono yake, kilikuwa kinampelekea Kulwa asome. Doto alijipa kifurushi yeye, halafu akamwomba Kulwa akitumie. Kipo, kwa Doto. Hakipo, kwa Kulwa. Mashine haikuwa imechanganyikiwa wala kukataa. Ilikuwa inasema kweli mara zote, na sisi tulikuwa tunaitukana.

Brayson alikuwa ameshaingia, mkoba umetupwa sakafuni, kichwa juu ya bega la Doto. "Ee bwana wee! Kumbe! Sasa dada, hapo ni rahisi, bofya tu hiyo yako. Sekunde moja. Halafu hiyo nyingine tunaitoa kabisa, inajaza diski bure."

Alisema kweli tena, kijana yule. Kubofya mara moja, programu ingesomwa na Python ya Doto, kifurushi kilikuwa kinangoja huko, kazi imekwisha. Mzee Shimba alimtazama binti yake. Sidhani alielewa habari za folda, lakini alielewa kwamba kuna wawili na mmoja anaweza kuachwa.

"Najua," Doto akasema. "Sitaki."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu hii programu tuliiandika wawili, na msomaji wake ni Kulwa. Hajakosea kitu. Aliyekosea ni mimi niliyekula peke yangu." Akamgeukia baba yake, machozi yanamtoka na sauti haitetemeki. "Umesema amenuna, baba. Nimekubali. Lakini tangu lini pacha akinuna anafukuzwa nyumbani? Ulitufundisha nini? Anafukuzwa, au anapewa?"

Doto hakungoja ajibu.

Akarudi kwenye dirisha jeusi. Hakuandika amri fupi. Aliandika njia nzima, folda kwa folda, mpaka kwa Kulwa, ule mstari mrefu niliouona mara nyingi ukipigwa na vidole vingine, kisha mwishoni akaomba kifurushi. Brayson akanong'ona kwamba ile Python ni ya zamani, huenda isikipokee. Mtandao ukawa mzito, mstari wa kupakua ukasimama katikati, ukakaa. Nikawasha bando la simu yangu nikamrushia. Mstari ukatembea. Dirisha likaandika kwamba kimewekwa.

Akaenda kwenye kihariri, akaendesha programu. Maandishi mekundu hayakutokea. Zikaanza kushuka kaya moja baada ya nyingine, wafugaji na wenye bustani, kila mmoja na saa yake.

Brayson alipiga kelele kama Simba na Yanga wamefungana wote kwa pamoja. Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha. Doto aliegemea upande wa kushoto wa meza, na upande wa kulia ukawa wazi. Nikaenda stoo, nikakitoa kile kiti cha pili, nikakirudisha mahali pake. Mteja atakayekigonga atajua la kufanya na goti lake.

Printa ikatema ratiba. Mzee Shimba akaichukua, akaisogeza mbali na macho ili asome vizuri, akaitafuta kaya yake. Alikuwa amepangiwa alfajiri, wakati ng'ombe hawasumbui. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nje kondakta alikuwa ameshaanza kuita abiria wa Kilosa.

"Moja tu?" mzee akauliza.

"Nyingine za kubandika kisimani zinakuja, mzee," nikamwambia.

"Siulizi za kisimani. Naulizia zangu za kuweka nyumbani." Alikuwa anamtazama Doto, na mdomo wake ulihangaika kidogo kabla ya kulitoa neno. "Toa mbili. Hii ni yako. Ya Kulwa iko wapi?"

Doto akabonyeza. Printa ikatoa ya pili. Mzee akaikunja taratibu kama alivyoikunja ya kwanza, akaweka moja mfuko wa kulia wa koti, nyingine mfuko wa kushoto, akachukua fimbo yake akaenda kupanda gari.